Nilivyokuwa Mshika Mlango wa Gari Dogo la Baba

Enzi zetu, na ninyi mliokwenda shule pekupeku mtanielewa, gari halikuwa la mwenyewe. Mwenyewe alikuwa na ufunguo tu, na kazi ya kutia petroli. Gari lenyewe lilikuwa la kijiji. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja katikati ya Nairobi, na huko kwetu Mutuini alikuwa mzee wa kanisa, na juu ya hayo yote alikuwa na kombi. Kombi ya buluu na nyeupe, yenye mlango wa pembeni wa kuvuta na viti vilivyotuunguza mapaja jua likiwaka. Ndani ilinuka petroli, kabichi na mafuta ya nywele ya akina mama wa kwaya. Hadi leo nikisikia harufu ya kabichi mbichi najiona nimeketi kwa raha zangu nikienda kanisani.

Mimi niliichukulia ile kombi kama yangu. Shuleni waliniita Nyambura wa Kombi, na badala ya kuona haya nilivimba kichwa. Kichwa peke yake hakikunitosha, nikavimba na sehemu nyingine zote, maana nilikuwa nakaa karibu na kikapu cha ndizi cha Mama na safari zetu zilikuwa ndefu. Tukipita wenzangu barabarani wakitembea na vumbi mpaka kwenye nyusi, mimi niliwapungia mkono taratibu, vidole vimeshikana, kama mke wa mkubwa fulani anayefungua daraja. Wacha we! Mtoto wa miaka kumi, meno mawili ya mbele hayapo, anapungia watu mkono.

Kombi ilibeba kila kitu. Ilibeba kwaya, ilibeba maharusi, ilibeba mama aliyeshikwa na uchungu asubuhi ya Jumatatu, na mara nyingine ililazimika kuondolewa viti vyote ili imbebe mtu asiyehitaji kiti tena. Ndani yake kulikuwa na cheo, na hakuna aliyewahi kukitangaza. Kiti cha mbele karibu na dirisha kilikuwa cha Mzee Gathogo, jirani yetu, aliyekuwa msemaji wetu kila tulipokwenda kuposa. Nyuma yake walikaa akina mama wa kanisa, kisha vijana, kisha sisi watoto na kabichi. Mzee Gathogo alifungua kidirisha, akavuta ugoro wake kwa starehe, na upepo ukatuletea sisi wa nyuma masalio. Tulikuwa tunafika kanisani tumepiga chafya mpaka machozi yanatutoka, na mchungaji alidhani tumeguswa na Roho.

Jumamosi moja moja Baba alitupeleka mjini kututembeza. Tuliingia kwa barabara ya Ngong tukiwa tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa, tukaegesha popote, maana enzi hizo pa kuegesha palikuwapo, kisha tukatembea shingo zimeinuka tukihesabu madirisha ya maghorofa hadi tunagongana na watu. Baba alitununulia chipsi zilizofungwa kwenye karatasi, zimemwagiwa siki, tukazila ndani ya kombi milango yote imefunguliwa kama watu walio kwao. Vijana wa siku hizi wanapiga picha chakula kabla ya kukila. Sisi tungesubiri picha, kaka zangu wangemaliza.

Halafu mafuta yakapanda bei. Mnakumbuka ule wakati. Hakuna aliyetuelewesha vizuri. Tulisikia tu kwenye redio kwamba huko Uarabuni mambo si mambo, na keshoye Baba akarudi kutoka kituo cha petroli uso umemshuka. Mama, aliyekuwa mwepesi wa kusema ambalo wengine wanalizunguka, alimwambia wakati wa chakula cha jioni, "Baba Nyambura, hii kombi inakunywa kuliko ndugu yangu Mwaura." Mjomba Mwaura tulimjua sote. Baba hakubisha.

Kombi ikauzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kawangware. Siku aliyokuja kuichukua nililia kama mtu aliyefiwa, nikajilaza mbele ya gurudumu, na ndugu zangu wawili wakaniondoa kwa shida, mmoja akishika mikono na mwingine miguu, wakilalamika njia nzima juu ya uzito wangu. Wiki iliyofuata Baba akaleta gari lingine, kuukuu, la Kijapani, dogo, lenye milango minne na buti nyuma. Rangi yake ilikuwa kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Cucu, mama yake Baba, alitoka na mkongojo wake, akalizunguka polepole, akafika nyuma, akasimama, akamwuliza mwanawe kwa upole, "Na ile nusu ingine imebaki wapi?"

"Ni hili tu, Maitu," Baba akasema.

"Ngai!" Cucu akasema, akarudi jikoni.

Baba alilipenda lile gari kwa sababu moja tu: halikula mafuta. Akawa mtu mwingine kabisa. Tukifika mteremko alizima injini na kuliacha gari lijiteremkie lenyewe, na sisi sote tuliamriwa kunyamaza, nadhani maneno nayo yalikuwa yanakula petroli. Madirisha yafungwe, upepo unalirudisha gari nyuma. Breki zisiguswe ovyo. Mimi shuleni nikageuza hadithi upesi. Nikawaambia wenzangu kombi ni za watu wa zamani, kwamba gari letu jipya linakwenda Mombasa na kurudi kwa petroli ya kujaza kikombe. Walinicheka sana. Mmoja akaniuliza kama naingia humo kwa mlango au navalishwa kama gauni.

Basi, lilikuwa na dosari moja. Mlango wa nyuma wa kushoto haukuwa unafunga sawasawa. Gari likipita shimo ulifunguka wenyewe. Baba alisema atamwonyesha fundi, na mpaka fundi aonekane, alihitaji mtu wa kuketi pale na kuushika, mtu mwenye uzito wa kutosha ili mlango usimvute akatoka nao. Familia nzima ikanigeukia mimi. Hakuna aliyefikiri hata kidogo. Mimi, mjinga, niliona nimepewa cheo. Nikajiita Mshika Mlango. Gari halikutoka uani bila mimi, na nilitembea pale nyumbani nikijishaua kana kwamba usukani ndio niliokabidhiwa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Baba alikuwa na mdogo wake, Baba Mdogo Njoroge, kijana mtaratibu aliyefanya kazi ya useremala, aliyekuwa akinichongea wanasesere na kunificha nikitafutwa kuchapwa. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wote wakijumlishwa. Yeye naye alimpenda msichana wa Kangemi aitwaye Wambui. Mara ya kwanza alipopeleka posa alikwenda na rafiki mmoja tu, na mzee wa ukoo wa Wambui, Mzee Kariuki, kaka mkubwa wa baba yake, aliwarudisha. Alisema, "Tuleteeni watu. Hatutoi msichana kwa vijana wawili na mbuzi mmoja." Na Wambui alikuwa na mtu mwingine aliyemtaka, mwenye duka mjini, mwenye ndugu wengi na sauti kubwa. Wakatupa siku ya kurudi, nayo ilikuwa ya mwisho. Tukirudishwa tena, Wambui ameolewa na mwenye duka. Baba Mdogo alikonda tukimwangalia.

Baba alikuwa amemwahidi mapema, wakati wa kombi, "Usijali. Nitawaleta wote pamoja, waone sisi ni watu." Wanaume wa enzi zile walikuwa hawarudishi maneno kinywani. Kombi ilikuwa imekwenda lakini ahadi ilikuwa imebaki. Na ninyi mnajua kwetu ukienda kuposa huingii mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kununua sukari. Mnakusanyika nje ya lango, wote, msemaji wenu akiwapo, akina mama wa pale wanaimba wakiwauliza ninyi ni nani na mnataka nini, wenu wanajibu kwa wimbo, na lango linafunguliwa mara moja tu.

Baba akaona atawabeba kwa mafungu. Na kwa heshima zake akapanga hivi: vitu na akina mama watangulie, wazee waje mwisho, kwa kuwa si adabu mzee kusimama juani akingoja masufuria. Mpango mzuri. Hakuna aliyegundua kwamba kwa mpango huo tungekuwa na masufuria langoni bila mtu wa kusema.

Safari ya kwanza tulikwenda na Mama, shangazi wawili, masanduku ya soda, mkungu wa ndizi magotini mwangu, na mbuzi kwenye buti. Buti haikufunga, tukaifunga kwa kamba, na mbuzi akatoa kichwa nje. Tukapita Kawangware watu wakitushangilia, tukapita Lavington kwenye nyumba za matajiri, na pale mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimtembeza mbwa akasimama kutuangalia. Mbuzi alimwangalia pia. Mimi nikataka kumpungia mkono kwa mazoea yangu, nikaachia mlango, mlango ukafunguka, ndizi zikaanza kushuka barabarani moja moja. Baba hakusimama. Kusimama na kuondoka tena kunakula mafuta.

Tulipofika Kangemi tukashusha watu na vitu langoni, na mimi na Baba tukageuza. Tuliporudi na fungu la pili, akina mama wa pale ndani walikuwa bado wanaimba. Mama alikuwa anawajibu kwa sauti iliyoanza kukauka. Alimwinamia Baba dirishani akamwambia, "Wamerudia ule wimbo mmoja mpaka nimechoka. Ama hawatutaki, ama wamesahau mwingine. Leta wazee, tafadhali." Baba Mdogo alikuwa amesimama kando ya mbuzi kwenye suti yake ya suruali pana, jasho linamtiririka, na hakuna aliyekuwa akimtazama ila mimi na mbuzi. Moyo uliniuma. Nilijua anafikiri kombi ingekuwapo tungekuwa tumeshaingia.

Tukarudi Mutuini kumchukua Mzee Gathogo. Aliketi mbele, fimbo katikati ya magoti, magoti karibu na kidevu. Tulipofika langoni nikadhani sasa shida zimekwisha. Kumbe hata! Shangazi yake Wambui, mwanamke mrefu aliyekuwa akiongoza zile nyimbo, alichomoka kwenye kijilango cha pembeni, akamvuta Baba kando ya gari upande wangu, akanong'ona, "Baba, wewe ni mtu wa Mungu, nakuona. Tusaidie na usiseme. Mzee wetu hajafika. Pikapu yetu imekauka petroli huko Uthiru, na hatuwezi kufungua lango bila yeye. Tumeimba mpaka hatuna wimbo."

Enhe! Kumbe wao nao! Saa zote zile tumesimama tukitetemeka, na upande wa pili wa lango nao wanatetemeka, kila mmoja akimwimbia mwenzake asigundue kwamba hajakamilika. Mama alipoambiwa baadaye alicheka mpaka akakaa chini.

Baba hakuuliza mara mbili. Mzee Gathogo alikataa kushuka, alisema hawezi kusimama juani na watoto, basi tukaenda naye. Huko Uthiru tukamkuta Mzee Kariuki amekaa juu ya jiwe kando ya pikapu, amevaa kofia na koti zito, amenuna. Alikuwa na mama mmoja mzee sana, bibi yake Wambui, na huyo kwa heshima ilibidi apewe kiti cha mbele. Mzee Gathogo, aliyekaa mbele maisha yake yote, akahamia nyuma. Mzee Kariuki akaingia upande wa pili. Katikati yao na mlango nilikuwa mimi, na nafasi iliyokuwapo ilikuwa yangu yote. Mzee Gathogo alikaa nusu kwenye kiti na nusu kwenye paja langu, na viatu vyake viwili vikiwa juu ya mguu wangu mmoja. Mzee Kariuki magoti yake yakaingia katikati ya magoti ya mwenzake. Hakuna aliyeweza kuketi kwa cheo humo ndani.

"Wewe ni wa upande gani?" Mzee Kariuki akauliza.

"Wa Mutuini. Mimi ni Gathogo."

"Aa. Ni wewe."

"Ni mimi. Na wewe ndiye uliyesema tulete watu."

Nikashika mlango kwa mikono yote miwili. Tukapita shimo, Mzee Kariuki akarushwa, akatua mapajani mwa Mzee Gathogo, na kofia yake ikanijia mimi usoni. Wakahangaika kujitenganisha, wakashindwa, wakabaki hivyo hivyo. Mzee Gathogo, kwa kukosa la kufanya, akatoa kichupa cha ugoro akampa mwenzake. Wakavuta. Wakapiga chafya pamoja, na kwa jinsi walivyobanana, mmoja alipopiga chafya mwingine alitingishika. Mzee Kariuki akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, na tumbo lilikuwa limenibana, kwa hiyo na mimi nilicheka nipende nisipende.

Tukafika mteremko na Baba, hata siku hiyo, akazima injini. Gari likawa linateremka kimya kabisa. Na katika kile kimya Mzee Kariuki akasema, kwa sauti ya chini, "Gathogo, mimi sikuwarudisha kwa dharau. Huyu msichana hana mama. Mama yake alikufa akiwa mdogo, nimemlea kama wangu. Nilitaka kujua siku akiugua huko kwenu, siku akipata shida, kuna mtu atakayetoka nje kumsaidia? Kijana alikuja na rafiki mmoja. Nikasema, huyu hana watu."

Mzee Gathogo alirudisha kichupa chake cha ugoro mfukoni. Kisha akasema, "Huyu anayetuendesha ni kaka yake. Alikuwa na gari kubwa. Amembeba kila mgonjwa wa Mutuini, na hata mke wangu, ni yeye aliyembeba safari yake ya mwisho, na hakutaka hata asante. Gari kubwa limemshinda. Leo amenibeba kwa hiki kigari. Na wewe je? Hakujui, na amekubeba."

Nilimwona Baba kwenye kioo, anatazama mbele tu, na masikio yake yamekuwa mekundu. Tulipofika chini aliwasha injini, ikakohoa, ikakubali, na Mzee Kariuki akasema, "Polepole, ndugu. Huyu mtoto wako nimemwumiza." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniona kwenye gari kabla ya siku hiyo, isipokuwa kama mzigo.

Lango lilifunguliwa mara tulipofika. Mzee Kariuki na Mzee Gathogo waliingia wameshikana mikono, na wale waliojitayarisha kwa mabishano hawakuwa na la kubishania. Mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko chakula. Wambui alitoka, akamtazama Baba Mdogo, akacheka, na Baba Mdogo akasahau jibu alilofundishwa, akasema tu, "Ndiyo, huyu huyu," na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimevimba mkono, soda nilishika kwa mkono mmoja. Wakati wa shukrani nilijitengeneza, nikanyoosha gauni, nikangoja kutajwa. Mzee Gathogo alimshukuru Mungu, akawashukuru akina mama, akamshukuru dereva, akalishukuru gari, akamshukuru hata mbuzi. Akaketi. Nilinuna mpaka tukafika nyumbani.

Baba ametangulia, na wale wazee wawili pia. Mwaka jana aliposwa mjukuu wangu, msichana anayefanya kazi Kilimani na kuzungumza na kila mtu kwa simu hata akiwa chumba kimoja naye. Aliniambia, "Shosh, usijali, kila mtu anakuja na gari yake." Na kweli kila mtu alikuja na gari lake, makubwa, vioo vyeusi, kila mzee peke yake nyuma na baridi ya kiyoyozi. Shida ilikuwa pa kuegesha. Waliwaleta wasemaji wa kukodi wenye vipaza sauti, wakatania, tukacheka panapotakiwa kucheka, tukala, tukapigwa picha. Wazee wa pande mbili walibishana kwa heshima hadi jioni, kila mmoja kwenye kiti chake, na katikati yao palikuwa na zulia.

Nilitafuta wa kumwuliza kama yule kijana aliyemposa ana watu. Sikujua nimwulize nani. Gari langu lina viti saba, nimelinunua kwa jasho langu na ninajivunia, mniwie radhi, tabia haijaisha. Nilirudi nalo nyumbani peke yangu, vioo vimefungwa, na katika wakwe zetu wote wa siku ile sikuwa namjua hata mmoja kwa jina.